Mapafu ya njiti yasijifunge: namna ya kulinda safaktanti kabla na baada ya kuzaliwa

Chukua kile kimfuko chembamba cha nailoni cha kufungia karanga. Tia matone mawili ya maji ndani, kibonyeze hewa yote itoke, kisha jaribu kukipuliza. Pande zake zimenatana, na pumzi ya kwanza lazima uitie nguvu mpaka mashavu yavimbe. Sasa tia tone moja la sabuni ya maji, fikicha kidogo, kibonyeze tena, upulize. Pande zinaachana kwa urahisi zaidi. Tofauti kati ya mipulizo hiyo miwili ndiyo kazi ya safaktanti ndani ya mapafu, na kuikosa ndiyo taabu ya mtoto anayezaliwa wiki ya 29 usiku wa manane pale Pangani, Mkinga au Kilindi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakunga, wauguzi na matabibu wa Mkoa wa Tanga, kuanzia zahanati mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Jamaa wa mtoto nao wasome, maana ndio wanaokesha karibu yake, na mara nyingi ndio wanaoona mabadiliko kwanza. Dozi zilizotajwa humu ni za kutolewa na mwenye idhini ya kuzitoa.

Safaktanti ni nini

Kila kifuko cha hewa kwenye pafu kimepakwa utando wa maji kwa ndani. Maji yana tabia ya kujikusanya; chembe zake huvutana, na mvuto huo hukikaza kifuko kijifunge. Kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo kinavyokazwa zaidi: kipenyo kikipungua nusu, shinikizo la kukifunga huwa mara mbili. Ndiyo maana vifuko vya njiti, vilivyo vidogo mno, hufunga upesi, na kila pumzi inakuwa kama ile ya kwanza ya kimfuko cha karanga.

Safaktanti hutanda juu ya utando huo na kuulegeza mvuto. Takriban asilimia 90 yake ni mafuta na asilimia 10 ni protini. Ziko protini nne: B na C husaidia mafuta yatandae haraka, A na D husaidia kupambana na vijidudu. Seli za kwenye kuta za vifuko huanza kuitengeneza karibu na wiki ya 24 ya mimba, na kwa kawaida huwa ya kutosha wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu wa kupumua yalikuwa yamekosa kitu hiki. Kabla ya hapo macho yote yalikuwa kwenye utando mgumu ulioonekana ndani ya vifuko, ambao kumbe ulikuwa matokeo tu.

Mambo matatu hupunguza utengenezaji wake hata kwa mtoto aliyeanza nayo kidogo: baridi, upungufu wa oksijeni na asidi kuzidi kwenye damu. Na jambo moja husahaulika sana wodini: oksijeni ya mpira wa puani haifungui mapafu. Inafika kwenye vifuko vilivyo wazi tu. Mtoto anaweza kuwekewa oksijeni nyingi na bado akachoka, akaishiwa, akafa, kwa sababu vifuko vyake vinafunga kila anapotoa pumzi. Kila hatua iliyoandikwa hapa chini ina shabaha hiyo moja, kwamba vifuko visifunge.

Anza na tarehe

Dawa ya kukomaza mapafu kabla ya kuzaliwa ni ya bei nafuu na inapatikana, lakini inahitaji ujue mimba ina wiki ngapi. Ultrasaundi iliyofanywa kabla ya wiki ya 24 ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Isipokuwepo, tafuta siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi anatarajiwa kujifungua 17 Desemba.

Wengi hawaikumbuki tarehe ya kizungu. Usiandike "hajui" ukaishia hapo. Muulize: ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, au baada ya Iddi? Bibi aliyemsindikiza huenda anahesabu kwa mfunguo mosi, mfunguo pili, na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za kizungu pamoja itakupa tarehe ndani ya dakika moja. Kisha linganisha na kimo cha mfuko wa uzazi na kadi ya kliniki. Vitu vitatu vikikubaliana, una msingi wa kufanyia uamuzi.

Sindano hutolewa kwa mama mwenye mimba ya wiki 24 hadi 34 ambaye dalili zinaonyesha atajifungua ndani ya siku 7. Dozi ni deksamethasoni 6 mg kwenye msuli kila baada ya saa 12, mara 4. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 2 asubuhi, ya tatu saa 2 usiku, ya nne saa 2 asubuhi ya siku inayofuata. Badala yake inaweza kutumika betamethasoni 12 mg, mara 2, saa 24 kati yake.

Hapa ndipo kosa dogo linapoharibu kazi kubwa. Ampuli nyingi za deksamethasoni zina 4 mg kwenye ml 1. Mtu mwenye haraka huvunja moja, akachoma, akaandika "dozi ya kwanza imetolewa". Hiyo ni theluthi mbili ya dozi. 6 mg ni ml 1.5, yaani ampuli moja na nusu. Soma lebo kila mara, kwa sababu nguvu ya ampuli hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine.

Faida yake kubwa huonekana kuanzia saa 24 baada ya sindano ya kwanza na kuendelea hadi siku 7, lakini usiache kuanza eti kwa sababu uchungu umekolea. Hata dozi moja au mbili zina msaada. Mama akiwa wa kupelekwa rufaa, dozi ya kwanza itolewe pale alipo, na saa iliyotolewa iandikwe kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi ya rufaa ili ya pili isirudiwe mapema wala isisahauliwe.

Dawa hii ina masharti, na masharti hayo yametokana na maumivu ya kweli. Utafiti uliofanyika kwenye nchi 6, Kenya na Zambia zikiwamo, ukachapishwa 2015, uligawa sindano hizi kwa upana hata mahali ambapo tarehe hazikuwa na uhakika na huduma ya njiti ilikuwa dhaifu. Vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka, na dalili za maambukizi kwa akina mama pia. Mwaka 2020 utafiti mwingine, kwenye hospitali zenye ultrasaundi na huduma ya watoto wachanga, ulionyesha vifo vimepungua. Kwa hiyo usitoe kama mama ana homa, maji yenye harufu au dalili nyingine ya maambukizi kwenye mfuko wa uzazi, na usitoe ukambakiza mahali ambapo mtoto hatapata joto, maziwa na msaada wa kupumua. Mama mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara, kwani deksamethasoni huipandisha.

Saa ya kwanza

Tanga ni joto, na joto hilo linadanganya. Mtoto wa kilo 1.2 aliyelowa akiwekwa chini ya pangaboi linalozunguka hupoteza joto haraka kuliko unavyofikiri, hata kama wewe mwenyewe jasho linakutiririka. Zima pangaboi na funga dirisha la upande wa bahari kabla kichwa hakijatoka. Chumba kiwe na nyuzi 25 au zaidi. Kule Lushoto, baridi ya milimani inapouma miezi ya Juni na Julai, hita iwashwe mapema na vitambaa viwe vimepashwa joto.

Mtoto wa chini ya wiki 32: mwingize kwenye mfuko safi wa plastiki mpaka shingoni bila kumfuta mwili, kichwa kifutwe na kivalishwe kofia. Aliyezidi hapo mfute, ubadilishe kitambaa kilicholowa, umweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Kitovu kibanwe baada ya dakika 1 au zaidi ikiwa mtoto anapumua. Joto la kwapa libaki kati ya 36.5 na 37.5, lipimwe ndani ya saa ya kwanza na si "baadaye tukimaliza".

Asipopumua baada ya kumfuta na kumchochea, tumia ambu (mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono) ndani ya dakika 1, mipulizo 40 hadi 60 kwa dakika, kifua kikiinuka kidogo tu. Mapafu yasiyo na safaktanti huchanika kwa mpulizo mkubwa, na protini zinazovuja kwenye vifuko vilivyojeruhiwa huiharibu hata ile safaktanti kidogo iliyopo. Ambu yenye vali ya kubakiza shinikizo mwisho wa pumzi ni bora zaidi, maana haiachi vifuko vifunge kati ya mpulizo na mpulizo. Anza na hewa ya kawaida au oksijeni isiyozidi asilimia 30, oksimita (kipima oksijeni ya damu) ikiwa kwenye mkono wa kulia. Usishtuke ukiona asilimia 70 dakika ya tatu. Mtoto mzima hufika 80 hadi 85 dakika ya tano na 85 hadi 95 dakika ya kumi.

Soma kifua

Mtoto anayekosa safaktanti huanza kuonyesha dalili tangu kuzaliwa au ndani ya saa chache, na bila msaada huzidiwa kwa siku mbili tatu za mwanzo. Mvue nguo sehemu ya kifua, simama miguuni pake, tazama dakika nzima. Hesabu pumzi: zaidi ya 60 kwa dakika ni nyingi. Kisha toa alama 0, 1 au 2 kwa kila moja ya mambo matano: je, kifua na tumbo vinapanda pamoja au kimoja kinazama kingine kikiinuka; nafasi kati ya mbavu zinaingia ndani kiasi gani; chembe cha moyo, chini ya mfupa wa kati wa kifua, panabonyea kiasi gani; pua zinatanuka; na mtoto anaguna. Mguno unaosikika kwa stetoskopu tu ni 1, unaosikika kwa sikio ni 2. Jumla ya 0 ni mtoto anayepumua vizuri. Kuanzia 4 anahitaji sipapu, kifaa cha kumpa hewa yenye shinikizo puani bila kukatika. Ikifika 7 mwite daktari papo hapo.

Mguno huo uuheshimu. Ni sauti fupi mwishoni mwa kila pumzi, "hn... hn... hn", na jamaa huweza kuuchukulia kuwa ni kulia au kukoroma kwa usingizi. Mtoto anafunga koo lake nusu kwa makusudi ya mwili ili hewa isitoke yote na vifuko vibaki wazi. Anajifanyia mwenyewe kazi ambayo mashine ingemfanyia. Mguno ukinyamaza ghafla na mtoto amelegea, usifurahi: huenda amechoka.

Dalili hizi hizi huletwa na maambukizi, na kwa macho huwezi kutofautisha saa za mwanzo. Kwa hiyo njiti mwenye shida ya kupumua huanzishiwa pia ampisilini 50 mg kwa kilo kila saa 12 na jentamaisini mara moja kwa siku, 3 mg kwa kilo kwa mwenye uzito wa chini ya kilo 2.5. Sukari ya damu ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe dekstrozi ya asilimia 10, ml 2 kwa kilo, polepole kwenye mshipa.

Kumsafirisha

Njia bora ya kumsafirisha njiti ni angali tumboni. Mama mwenye uchungu wa mapema anayetoka ng'ambo ya mto Pangani apewe rufaa kabla kivuko hakijasimama kwa usiku, si baada ya mtoto kuanza kuguna. Usafiri wa dharura wa m-mama huitwa kwa namba 115 bila malipo. Mtoto akiwa ameshazaliwa, asafiri kifuani kwa mama au jamaa, ngozi kwa ngozi, kofia na nepi vikiwa mwilini, kanga ikimfunga imara na shingo ikiwa imenyooka kidogo. Shingo iliyokunjamana ndani ya kanga huziba njia ya hewa kimyakimya. Muuguzi aende naye akiwa na ambu, barakoa ya saizi yake, oksimita na oksijeni, na apige simu Bombo kabla ya kuondoka ili sipapu imkute mtoto tayari inatoa mapovu.

Sipapu ya mapovu

Hiki ndicho kifaa kinachookoa njiti wengi zaidi katika mazingira yetu. Katika hospitali ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi, watoto wenye ugonjwa wa kukosa safaktanti waliopewa oksijeni ya puani pekee walipona asilimia 23.5, waliowekwa kwenye sipapu ya mapovu walipona asilimia 64.6. Kanuni yake ni nyepesi: hewa inaingia puani bila kukatika, na inapotoka inalazimika kupita chini ya maji. Kina cha maji ndicho kinachoamua shinikizo. Mpira ukizama sentimita 6, mtoto anabakiwa na shinikizo la sentimita 6 za maji hata mwisho wa pumzi, na vifuko havifungi.

Sehemu zake ni chanzo cha oksijeni, chanzo cha hewa ya kawaida, kichanganyishi chenye flomita (kipimo cha mtiririko), chupa ya unyevu na joto, mpira wa kuingizia, prongi za puani (vijiti viwili laini vyenye tundu vinavyoingia puani), mpira wa kutolea, na chupa ya maji yenye alama za sentimita. Kuziunga fuata hivi:

1. Jaza chupa ya mapovu maji safi yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotakaswa. Zamisha ncha ya mpira wa kutolea sentimita 5 au 6. Kipimo ni kutoka uso wa maji hadi ncha ya mpira, sio kina cha maji ndani ya chupa. Funga kwa plasta mpira usipande.

2. Weka chupa chini ya usawa wa mtoto, mahali ambapo mguu wa mtu hautaigonga.

3. Fungua mtiririko lita 5 kwa dakika, ziba prongi kwa vidole viwili vya glavu. Mapovu yatoke. Yasipotoka hapa, kuna mvujo. Utafute sasa, si mtoto akishaunganishwa.

4. Chagua prongi zinazojaza tundu la pua bila kuifanya ngozi iwe nyeupe. Mvalishe mtoto kofia inayofika usawa wa nyusi na masikio. Ndiyo nguzo ya mipira yote.

5. Safisha pua, tia tone la maji ya chumvi ya hospitali, ingiza prongi zikifuata mkunjo wa pua. Acha nafasi ya milimita 2 kati ya daraja la prongi na ukuta wa katikati wa pua.

6. Pitisha mpira wa kulishia kupitia mdomoni, uuache wazi, ncha ikiwa juu, ili hewa inayoingia tumboni itoke.

Ongeza mtiririko taratibu hadi mapovu yatoke mfululizo. Lita 5 hadi 10 hutosha. Ukiweka kiganja chepesi kifuani utahisi mtetemo mdogo wa mapovu yenyewe, na mguno huanza kupungua ndani ya nusu saa.

Kiwango cha oksijeni kirekebishwe ili oksimita isome asilimia 90 hadi 95. Mahali ambapo kichanganyishi ni flomita mbili tu, hesabu kwa mkono. Konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani) nzuri hutoa oksijeni ya karibu asilimia 93, hewa ya kawaida ina 21. Lita 1 ya konsentreta na lita 7 za hewa hukupa takriban asilimia 30. Lita 2 na lita 6 hukupa takriban 39. Usimwendeshe njiti kwa oksijeni tupu kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu. Oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya macho ya njiti, na upofu wake hauna marekebisho rahisi.

Kinachoharibika mara kwa mara ni hiki. Mapovu yakikoma, anza usoni: mdomo uko wazi, prongi zimetoka, au ni ndogo mno. Kidevu kiinuliwe taratibu, au kifungwe kitambaa laini kisichokaba. Usoni pakiwa sawa, fuata mipira kiungo kwa kiungo mpaka ukutani. Mapovu yakitoka lakini mtoto hapati nafuu, pua huenda imeziba kwa kamasi zito, na mara nyingi chanzo ni chupa ya unyevu iliyokauka. Katika unyevunyevu wa mwambao, hasa usiku, maji hujikusanya kwenye mpira wa kutolea ukining'inia kama upinde; maji hayo huongeza shinikizo bila wewe kujua. Yamwage kila saa 3. Ndani ya chupa, mapovu hurusha maji na kupunguza kina. Sentimita 6 za asubuhi zaweza kuwa 4 jioni.

Pua ikaguliwe kila saa 3. Wekundu ni onyo la kwanza. Usipousikiliza, ukuta wa kati wa pua hukatika na mtoto atabaki na kovu la maisha. Tumbo likijaa, vuta hewa kwa bomba la sindano, kisha uache mpira wazi tena. Mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua ukiinuka kuliko mwingine, fikiria hewa imevuja nje ya pafu. Daktari aitwe saa hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, konsentreta huzimika papo hapo. Mtungi wa oksijeni uwe umesimama karibu, funguo yake ikiwa imefungwa kwa uzi shingoni mwake, si kwenye droo ya ofisi. Chujio la nje la konsentreta lioshwe kila wiki.

Sipapu haimfai mtoto asiyejipumulia kabisa, mwenye uwazi kwenye kaakaa, pua zilizoziba tangu kuzaliwa, umio uliounganika na koo la hewa, au utumbo ulioingia kifuani. Hao wana njia nyingine. Mtoto wa sipapu kukaa kifuani kwa mama inawezekana, tena ni vizuri. Utafiti wa 2021 uliohusisha Hospitali ya Taifa Muhimbili ulionyesha kwamba kuanza kangaruu (mtoto kukaa kifuani ngozi kwa ngozi) mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25 kwa watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799.

Safaktanti ya chupa

Mtoto akiwa kwenye sipapu ya sentimita 6 na bado anahitaji oksijeni zaidi ya asilimia 30, anastahili kupewa safaktanti yenyewe, mapema, pale ilipo na palipo na mwenye ujuzi wa kuingiza mpira kwenye koo la hewa. Tiba hii ilifaulu kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1980, mikononi mwa Fujiwara na wenzake. Ni ghali, na ndiyo sababu hatua zote zilizotangulia zimepewa uzito humu.

Ile ya mapafu ya nguruwe, poraktanti, hupewa 200 mg kwa kilo, sawa na ml 2.5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 1.2 anahitaji ml 3, chupa moja kubwa kamili. Ile ya mapafu ya ng'ombe, beraktanti, ni 100 mg kwa kilo, sawa na ml 4 kwa kilo. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kabla ya kuitumia ishike kiganjani mpaka ipoteze ubaridi, igeuze juu chini polepole, usiitikise kama dawa ya kikohozi, kwa kuwa povu halipimiki na halitandai. Huingizwa kwa mpira mwembamba uliopita nyuzi za sauti, dakika 1 hadi 3, mtoto akiendelea kujipumulia kwenye sipapu. Mapigo ya moyo yakishuka chini ya 100, simama, msaidie kupumua, kisha endelea. Usinyonye koo la hewa saa ya kwanza ila likiziba.

Baada ya hapo usiondoke. Mapafu huweza kulegea ndani ya dakika chache, na oksijeni iliyokuwa inafaa inageuka kuwa nyingi. Ishushe hatua kwa hatua huku jicho liko kwenye oksimita.

Tanga na Bagamoyo wazazi wengi ni Waislamu, na swali la nguruwe litaulizwa. Jibu kwa ukweli na kabla ya kutoa dawa. Ikiwepo ya ng'ombe, itumike hiyo. Isipokuwepo, waambie wazi hali ya mtoto na muda uliobaki, wampigie sheikh wao simu wakitaka. Hukumu ya dharura wanaijua wao na viongozi wao, na si kazi ya muuguzi kuitoa. Kuficha ndiko kunakoleta ugomvi wodini na kuwafanya wengine wasirudi.

Wasio njiti

Mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kuchelewa kuwa na safaktanti hata wiki ya 37. Aliyezaliwa kwa upasuaji wa kupangwa kabla ya wiki 39 bila uchungu, vivyo hivyo huweza kupata shida ya kupumua. Kinyesi cha kwanza kikiingia mapafuni huiharibu safaktanti iliyopo. Na kwa watu wa pwani: aliyezama majini, ya bahari au ya mto, mapafu yake hupoteza safaktanti kwa kuoshwa au kuharibiwa. Ndiyo maana huanzwa kwa kupuliziwa pumzi 5 kabla ya kukandamiza kifua, na ndiyo maana aliyezinduka akiwa anakohoa apelekwe hospitali hata akisema hajambo. Hali inaweza kuharibika saa chache baadaye.

Kumtoa kwenye sipapu

Usiwe na haraka. Punguza oksijeni kwanza, shinikizo baadaye. Mtoto akikaa saa 24 kwenye sentimita 5, oksijeni asilimia 21 hadi 25, pumzi chini ya 60, bila kusahau kupumua, jaribu kumtoa asubuhi wauguzi wakiwa wengi. Mtazame saa mbili za mwanzo kwa karibu. Akirudia kuguna au mbavu kuingia, mrudishe bila kusita. Aliye chini ya wiki 34 anayesahau kupumua husaidiwa na kafeini sitrati, 20 mg kwa kilo ya kuanzia, kisha 5 hadi 10 mg kwa kilo kila siku.

Siku ya kuruhusiwa, andika kwenye kadi tarehe ya kuangaliwa macho: wiki 4 tangu kuzaliwa kwa kila aliyezaliwa chini ya wiki 34 au chini ya kilo 2 akapewa oksijeni. Msomee mama tarehe hiyo kwa sauti, na namba ya simu ya baba au ya bibi iandikwe ubavuni mwake.